Debe Moja la Mbege

Ghorofa ya pili, nyuma ya stendi ya Moshi,
kompyuta kumi na mbili, saba zinawaka.
Hapa tunabuni mtandao ambao haujazaliwa,
wa mwaka ambao, anasema Dakta Kileo,
mimi nitakuwa na mvi na yeye picha ukutani.

Pakiti inatoka Uru, inataka kufika Himo.
Njia imekatika: mvua, mgomba umelalia waya.
Mtandao wa leo unasubiri kidogo, kisha unaitupa
bila hata pole.
Wa kwetu unaikalisha,
hata kesho, hata keshokutwa, hadi pengo lizibwe.
Mvumilivu, niliandika katika sura ya kwanza.
Dakta akakata kwa kalamu nyekundu:
"Hii si methali, ni itifaki. Weka namba."

Nikaweka namba.
Nodi mia nne ndani ya mashine, zote waaminifu,
kila moja ikitaja kweli urefu wa foleni yake,
ikimwachia jirani zamu bila kukumbushwa.
Grafu zikapanda kama ngazi za kanisa.

Halafu mhakiki asiye na jina akaandika kutoka mbali,
mstari mmoja:
"Na nodi ikiwa mwongo?"

Nilicheka. Kisha sikucheka.

Maana mimi ni Ndeshi binti Anaeli, wa Kibosho,
na baba yangu alikuwa mwizi wa maji.

Mfongo wetu ulianzia juu, kwenye banio la mawe,
ukashuka kihamba kwa kihamba:
Jumatatu kwa akina Tesha, Jumanne kwa mjane Eliaichi,
sisi Alhamisi, tangu jogoo la kwanza
hadi kivuli cha mgomba kifupike.
Hakukuwa na mita wala kufuli.
Tonge la udongo na majani ya mgomba liliziba mlango,
hilo, na macho ya watu.

Baba aliamka saa nane usiku wa kuamkia Jumanne,
akachokoa tonge, si lote, upana wa kidole,
maji yakaingia kwenye kahawa yetu kwa adabu.
Nilimshikia tochi. Nilikuwa na miaka tisa,
nikiufunika mwanga kwa kiganja hadi nyama ikawa nyekundu.
Huko chini Eliaichi alidhani mlima umepungukiwa.

Kidole hicho ndicho nilichokisahau
kwenye nodi mia nne.

Nikaivunja sura ya tatu. Wiki sita.
Nikazifundisha nodi ishirini kuiba, bila pupa,
kidole kidole.
Za chini yake zikakauka,
na rejesta zote zikaapa kwamba hakuna aliyekosa.

Baba alikamatwa kwa ajili ya matope kwenye ndara zake.
Hawakumfungia maji; mtu hafungiwi maji.
Walimtoza debe moja la mbege,
linywewe na wote, mjane akianza,
na siku mbili za kuzoa mchanga kwenye banio
huku anatazamwa.
Alhamisi zamu yake ikaja kama kawaida.

Basi nikaandika hivyo.
Nodi ikishikwa haikatwi:
inabeba mizigo ya jirani zake, hadharani,
deni likiisha inarudishiwa zamu.
Kiasi cha deni nikakiita mbege.
Grafu hazifanani na ngazi tena. Zinapanda,
zinajikwaa, zinashika ukuta, zinapanda.

Dakta Kileo alisoma, akavua miwani.
"Mbege, Ndeshi? Kwenye kongamano?"
Katika makala sasa ni herufi ya Kigiriki, imeinama vizuri.
Ndani ya msimbo, mstari wa mia mbili na kumi na mbili,
bado ni mbege.

Juzi baba alinipigia, akauliza napima nini huko mjini.
Nikasema, foleni. Nani anangoja, nani anapita.
Nikasikia anavuta pumzi ili aseme kitu,
simu ikakatika.

Ujumbe wake uliingia kesho yake mchana,
sijui ulilala wapi:
"Jumamosi tunazoa mchanga banioni. Wote.
Usivae ndara nzuri."